Mifuko Ishirini ya Kisima cha Kumi na Tatu

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya mhariri ambaye tangu Jumatatu haitikii salamu zangu, natangaza kwa wasomaji wote wa ukurasa huu, wazee kwa vijana, walionunua gazeti na wanaolisoma begani kwa jirani: kisima cha kumi na tatu kimepasuka, presha inaporomoka, na mji wetu mzima, ambao hata kwenye ramani haumo, uko ukingoni mwa maangamizi.

Ndivyo tulivyoachana wiki iliyopita. Mshale wa kipimo unashuka. Baba yangu, Arseny Platonovich, ameshika ukingo wa meza. Fundi mkuu wa saruji, Nikanorych, anakimbilia vali huku barafu imemganda kwenye sharubu.

Sasa ukweli. Nikanorych alikuwa ametundika birika lake la chai kwenye kibomba cha kipimo. Birika likajaa, uzito ukalegeza nati, nati ikavuja, mshale ukashuka.

Wiki nzima mmekaa roho juu kwa ajili ya birika. Nawaomba radhi, ingawa si sana.

"Ondoa takataka yako hapo," Baba alisema. Hakuwa na hasira. Hasira inahitaji nguvu, naye alikuwa kazini siku ya tatu mfululizo, analala kwa zamu na jiko.

"Si takataka, Platonych. Ni chai."

Nati ikakazwa. Maji yakasukumwa tena ndani ya bomba mpaka mshale ukapanda ulipotakiwa, ukasimama hapo nusu saa nzima bila kutikisika.

"Zima kama yai," Nikanorych alisema. "Andika, binti."

Binti ni mimi. Kwa wanaonisoma leo kwa mara ya kwanza: Taisia, kwa kifupi Taya, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni ya hisabati. Mwezi Novemba nilirudishwa nyumbani hadi mwaka mpya kwa kosa la kubandika tangazo la msiba wa kotleti za nyama za bwaloni, zilizotutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu. Msaidizi wa Baba alikuwa amelazwa kwa matubwitubwi, basi nikapewa kibali cha kuingia, viatu vya sufu vilivyonizidi saizi mbili, na cheo cha mwandishi wa vipimo wa muda.

"Andika bomba ni zima," Baba alisema. "Usiandike kisima ni kizima."

"Kuna tofauti?"

"Piga msumari kwenye ukuta wa bafu. Msumari wenyewe ni chuma kitupu, hauna tundu. Ukilegea, maji yanapita wapi?"

"Pembeni."

"Basi bomba ndilo msumari. Mimi nalipwa kwa ajili ya pembeni."

Mjini kwetu watoto wanalijua jambo hili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, lakini nitalisema mara moja. Kiwandani hubaki maji ambayo hakuna mtu anayepaswa kuyagusa, kwa sababu ya mionzi. Sisi tunayaita supu. Supu husukumwa chini, ikanywewe na mchanga ulio zaidi ya mita mia tatu na ishirini ardhini. Juu ya mchanga huo pana udongo wa mfinyanzi, unene wake mita thelathini, mzito, haupitishi tone. Juu ya udongo pana mchanga mwingine, na maji ya huo ndiyo tunayokunywa sisi.

Ukichimba kisima umeutoboa udongo. Bomba linapita katikati ya tundu, na kati ya bomba na ardhi pana nafasi ya upana wa vidole viwili kuzunguka pande zote. Nafasi hiyo hujazwa saruji. Isipojaa, supu itapanda kidogo kidogo pembeni mwa bomba, haina haraka, hadi kwenye mchanga wa juu. Hadi kwenye birika la Nikanorych. Hadi chekechea na wodi ya wazazi.

Na kisima hakimezi tone la supu bila saini ya mpimaji. Mpimaji ni Baba.

"Shusha kipimajoto," akasema.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, jua halijafikia vilele vya misonobari. Saruji ilikuwa imemiminwa Jumatano. Saruji inapokauka hupata joto kama mtu mwenye homa, na homa yake hudumu siku mbili hivi. Ukishusha kipimajoto ndani ya siku hizo, mahali penye joto pana saruji nyuma ya bomba, na mahali pa baridi hapana kitu.

Waya ukateremka. Kalamu ya mtambo ikaanza kuchora kwenye karatasi, nami nikasoma mita kwa sauti, huku Baba ameegemeza kipaji cha uso kwenye ukuta wa kibanda. Nilidhani amelala.

"Mia tatu na kumi," nikasema.

"Rudia."

"Mia tatu na kumi. Mstari uko kushoto kabisa. Baridi."

"Mia tatu na kumi na tano?"

"Baridi."

"Kumi na sita?"

Hapo kalamu ikaruka kulia, na kutoka hapo kwenda chini joto likaenea mpaka mwisho wa kisima, mita mia nne arobaini na sita. Baba akafumbua macho. Akaurudisha waya juu, akaushusha tena, na kalamu ikachora mstari uleule juu ya mstari uleule.

Udongo wetu, wasomaji, huanza mita mia mbili na tisini na kuishia mia tatu na ishirini. Saruji ilipaswa kuupita wote. Ilikuwa imeingia mita nne tu, ikakata pumzi.

"Mita ishirini na sita," Baba alisema. "Wazi."

Nikanorych akavua kofia, akaitazama ndani kama kwamba saruji imo humo.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu wa Visima, Kapitolina Severinovna. Aligonga viatu kuondoa theluji, akatoa kidonge cha kichwa mfukoni, akakitafuna kikavu. Miaka kumi na mitano ameendesha uwanja ule wa visima, na nimewahi kumwona akitafuna vidonge vile kama wengine wanavyotafuna mbegu za alizeti.

"Niambie kitu kizuri, Arseny Platonovich."

"Bomba ni zima."

"Asante. Sasa kile kingine."

Baba akamwonyesha karatasi. Aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kipimajoto kibovu," akasema.

"Nimeshusha mara mbili."

"Basi ni kibovu mara mbili."

"Kapitolina Severinovna."

"Najua. Usinitamkie jina lote, kichwa kinauma." Akakaa juu ya kreti. "Tume inafika kesho saa nne. Wanatoka mbali, wamepanda treni siku mbili, watataka kuona kisima, kula, na kutia saini. Kurekebisha hiki ni siku ngapi?"

"Kutoboa bomba kwa baruti pale kwenye udongo, kusukuma saruji ipite kwenye matundu, kungoja ikauke, kuchimba iliyobaki ndani, kupima upya. Siku kumi na mbili, baridi isipozidi."

"Mwaka una siku nne."

"Hilo si kosa la kisima."

"Mpango unasema visima viwili kabla ya mwaka kwisha. Hiki ni cha pili." Akasugua macho. "Pembeni pale kuna tope la kuchimbia. Tope zito. Litakaa."

"Litakaa mwaka mmoja. Pengine miwili. Halafu litapasuka. Chai unakunywa ya maji gani?"

"Usinifanyie hivyo, Arseny. Nimechoka."

"Hata mimi."

"Basi tia saini, twende tukalale."

"Sitii."

Walisema hayo kwa sauti za watu wanaoulizana chumvi. Nami nikaona kwamba tukiacha mambo yaendelee hivi, watalala wote wawili palepale, na tume itawakuta. Palihitajika akili changa. Kwa bahati nzuri ilikuwepo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeileta.

"Ndugu Mkuu," nikasema, "naomba kuuliza. Hesabu ilisema saruji ifike wapi?"

"Mia mbili na tisini."

"Na haikufika. Kwa hiyo ama ardhi imeimeza, ama haikumiminwa."

"Ardhi haikumeza," Baba alisema. "Tope lilirudi juu lote, nililipima mwenyewe."

"Basi haikumiminwa," nikasema, nikageuka taratibu kumtazama Nikanorych, kama tulivyofundishwa kwenye klabu ya mdahalo.

Nikanorych alikuwa anajimiminia chai.

Nikapanda juu ya kreti. Naomba mnielewe, niliamini kila neno.

"Ndugu zangu, za mwizi arobaini. Jumapili mtu huyu aliniita bustanini kwake nimsaidie kushusha mapipa ya kabichi ya chachu. Nikashuka kwenye stoo yake ya chini. Miaka yote sakafu ile ilikuwa ya udongo, panya wakicheza. Sasa ni saruji. Si saruji ya dukani, kwa sababu dukani hakuna saruji. Ni ya kijivu cheusi, laini, ngumu kama moyo wa mwalimu wangu wa kemia. Ni saruji ya visima. Mita ishirini na sita tunazozitafuta zimelala chini ya kabichi."

Nikasubiri aanguke magotini.

"Umemaliza?" Nikanorych aliuliza.

"Nimemaliza."

"Teremka basi, utavunja kreti ya watu." Akanywa funda. "Ndiyo, nilichukua. Sita. Vijana wangu wakachukua kumi na minne, wamegawana wanavyojua wao. Jumla ishirini. Kila kisima tunachukua ishirini."

"Kila kisima?"

"Tangu cha kwanza. Wewe ulikuwa unanyonya."

Nikamgeukia Kapitolina Severinovna, nikitarajia radi. Alikuwa anatafuta kidonge kingine.

"Muulize bafu lake la mvuke limesimama juu ya nini," Nikanorych alisema.

"Juu ya kisima cha nane," Mkuu alijibu bila kuinua kichwa. "Na kidogo cha tisa. Ule upande wa dirisha."

"Huu ni wizi wa mali ya umma," nikasema, sauti yangu imepungua kidogo.

"Taya," Baba alisema, "ngazi za kibanda chetu cha bustani, ulidhani tumezijenga kwa unga?"

Ngazi zile nilikuwa nimekaa juu yake kiangazi chote, nikila plamu na kusoma kitabu kuhusu uadilifu.

"Sasa sikiliza, mwanamdahalo," Nikanorych alisema, na alikuwa anaanza kufurahi. "Mimi ni mwizi, sawa. Lakini ni mwizi mwenye mpangilio. Kisima cha nane kimevuja? Cha tisa? Cha sita, ambacho kimejenga gereji tatu? Nenda kavipime. Saruji imefika pale ilipotakiwa, na mita za ziada. Kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu baba yako si mjinga. Anajua watu wake. Anapiga hesabu ya kisima, kipenyo, kina, yote. Anapata, tuseme, mifuko mia na ishirini. Halafu chini kabisa anaongeza ishirini. Ya bustani. Ghala linatoa mia na arobaini, ishirini inakwenda zake, mia na ishirini inaingia kisimani. Wote wanaishi."

"Huandika 'ishirini' tu," Baba alisema. "Bila maelezo. Maelezo ningeandikaje? 'Kwa bafu la Ndugu Mkuu'?"

Kapitolina Severinovna akacheka, mara moja, kwa pua. Kilikuwa kicheko cha kwanza kibandani tangu Jumatatu, na kilinipita kama upepo wa mlangoni, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuhisi baridi mahali ambapo viatu vya sufu havifiki.

Ishirini. Bila maelezo.

"Basi kama ishirini iliongezwa na ishirini ikaibwa," Mkuu alisema polepole, kicheko kimeshakwisha, "kisima kilipata haki yake. Kwa nini hakikujaa?"

Nikanorych alihesabu kwa vidole.

"Ghala lilitoa mia na ishirini safari hii," akasema. "Nakumbuka. Nilidhani kisima ni chembamba."

"Mia na ishirini pamoja na ya bustani?"

"Mia na ishirini basi. Tukatoa yetu ishirini. Ikaingia mia."

"Kila mfuko ni mita moja na ushee," Baba alisema, akitazama mstari wa kalamu. "Mifuko ishirini, mita ishirini na sita. Inalingana." Uso wake ulikuwa umekunjamana. "Lakini niliandika ishirini. Huwa naandika. Mkono wangu unaandika wenyewe."

"Lete karatasi ya hesabu," Mkuu alisema.

Faili lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya mkebe wa sukari. Baba akalishusha. Akalamba kidole, akafunua, akafunua, akasimama.

Wasomaji, nimewahi kuitwa ofisini kwa mkuu wa shule mara kumi na moja. Nimewahi kusimama mbele ya bwalo zima na kusoma kwa sauti wasifu wa marehemu kotleti, kama adhabu. Sijawahi kuona muda ukienda taratibu kama ulivyokwenda Baba alipokuwa anaisoma karatasi ile.

Ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Mistari imenyooka. Sifuri za duara kamili. Mwandiko wa Baba ni kama kuku aliyeingia kwenye wino, na yeye aliijua karatasi ile mara tu alipoiona, kama mtu anavyoujua mwendo wa mwanawe gizani.

Alinitazama. Mara moja tu, na kwa muda mfupi sana. Halafu akalifunga faili.

"Saini ni yangu," akasema. "Nilisahau kuongeza."

"Miaka kumi na mitano hukusahau," Mkuu alisema.

"Nilichoka. Macho yameanza kunisumbua."

"Kabisa ulisahau?"

"Kabisa."

Kapitolina Severinovna akalisukuma kreti nyuma, akainuka. Akasimama karibu na simu iliyo ukutani, mkono juu yake, bila kuinua mkono wa simu.

"Unaelewa unachoniambia, Arseny Platonovich? Ukiniambia hivyo, mbele ya mashahidi, wewe ndiye uliyekosea kisima. Aliyekosea kisima hawezi kuwa ndiye anayekikagua. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Kuanzia sasa wewe si mpimaji wa kisima hiki. Kukataa kwako hakuna uzito. Nalazimika kumwita mwingine."

"Naelewa."

"Mwingine aliyepo ni yule wa uwanja wa kaskazini."

"Naelewa."

"Yule hutia saini hata menyu," Nikanorych alisema, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa ameweka kikombe chini. "Kapitolina Severinovna, yule akija kesho asubuhi, saa nne kisima kinakubaliwa, saa sita supu inaingia. Mjukuu wangu yuko chekechea."

"Unadhani sijui mjukuu wako yuko wapi?" Mkuu alisema. "Unadhani mimi nakunywa mvua? Nipe mtu anayeweza kukataa, na mimi nitaiambia tume imekataliwa, nitakula matusi yao, nitakwenda nyumbani. Lakini mimi siwezi kukataa. Mimi ni mkuu. Mkuu anatakiwa kutaka."

Akainua mkono wa simu.

Baba alikuwa amekaa, mikono juu ya faili, macho yamefumba. Ningesema alikuwa na huzuni, lakini alionekana zaidi kama mtu aliyeambiwa hatimaye kwamba anaweza kulala. Kesho asingekuwa mpimaji. Mtu mwingine angetia saini. Mji ungekunywa maji yake, mwaka huu na ujao na pengine wa tatu. Na mimi ningerudi bweni na jina langu safi, kwa kiasi jina langu lilivyowahi kuwa safi.

"Kituo," Mkuu alisema kwenye simu. "Niunganishie uwanja wa kaskazini. Ndiyo, nangoja."

Lazima sasa niwaambie jambo, wasomaji. Sehemu tatu zilizopita nimewaonyesha Nikanorych akinyemelea ghala. Nimewaonyesha nyayo zake kwenye theluji. Nimewaacha mumchukie, na barua zenu mhariri amenionyesha. Mmoja wenu anapendekeza apigwe viboko. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli, na wakati wote nilijua kwamba mnatazama upande usio wenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taa.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya sahani mbili za pelmeni, Baba alinipa rasimu yake niinakili kwa mwandiko safi. Alikuwa anasinzia mezani. Niliipitia hesabu yote, na ilikuwa sahihi, jambo lililoniudhi, maana nilitamani kumkosoa. Halafu chini kabisa nikaiona: kujumlisha ishirini. Haina chanzo. Haina kanuni. Imekaa tu pale, kama mgeni asiyejulikana kwenye picha ya harusi.

Shuleni kwetu tunafundishwa kwamba namba isiyo na sababu hufutwa. Nilifurahi. Nilidhani nimemfumania mpimaji mkuu wa visima kwenye kosa la mtoto wa darasa la pili. Ningeweza kumwamsha nimuulize. Lakini mtu akiulizwa hujibu, na akijibu utani umekwisha. Nikaifuta, nikaandika jumla mpya, nikamwekea kalamu mkononi. Akatia saini bila kusoma. Nilipanga kumwambia siku ya mwaka mpya, mbele ya wageni, ili acheke.

"Kaskazini?" Mkuu alisema kwenye simu. "Nipe mpimaji wenu. Amekwenda wapi? Mwite, nangoja."

"Ni mimi," nikasema.

Hakunisikia. Au alisikia akadhani naomba chai.

"Ni mimi," nikarudia. "Baba hakusahau. Aliandika ishirini. Mimi nilinakili, nikaiondoa. Rasimu yake iko nyumbani, kwenye droo ya meza ya jikoni, chini ya vijiko. Ishirini imo. Ni mwandiko wake."

"Taya, nyamaza," Baba alisema.

"Hakukosea hesabu. Yeye bado ni mpimaji. Anaweza kukataa."

Kapitolina Severinovna aliniangalia, simu sikioni. Upande wa pili sauti ya mwanamume ilikuwa inasema haloo, haloo. Akairudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Kwa nini?" akauliza.

"Haikuwa na sababu. Ile namba."

"Haikuwa na sababu," alirudia. Alimtazama Nikanorych, akamtazama Baba, akatazama dirisha upande wa bafu lake. Sikuwahi kuona watu wazima watatu wakiwa na aibu kwa pamoja, na sikujua niangalie wapi.

"Arseny Platonovich," akasema mwishowe. "Wewe ni mpimaji wa kisima hiki. Unakipokea?"

"Sikipokei."

"Imeandikwa. Siku kumi na mbili. Kesho tume nitawalisha samaki." Akavuta pumzi ndefu. Nikaona mabega ya Baba yakishuka. Nikanorych alinisogezea kikombe chake cha chai, nami, naona haya kusema, nilianza kujisikia vizuri. Nilidhani nimekiri, na kukiri kumekwisha.

Mkuu alikuwa amefika mlangoni. Akasimama, mkono kwenye komeo.

"Siku hiyo," akasema, bado amenipa mgongo. "Ulinakili karatasi ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Neno dogo. Nilikuwa nimechoka, miguu inacheza ndani ya viatu, na njia ya mwongo ni fupi, hasa kwa anayetaka kufika nyumbani.

"Mbili," nikasema.

"Ya pili ilikuwa ya kisima gani?"

Nje, mita sitini kutoka pale tulipokuwa, pampu ilikuwa inanguruma. Ilikuwa inanguruma tangu tarehe tatu Desemba, mchana kutwa, na sote tulikuwa tumeacha kuisikia. Sasa tukaisikia.

"Cha kumi na mbili," nikasema.

Baba alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Cha kumi na mbili nilikipima siku ya tano," alisema, si kwa mtu yeyote. "Waya ulikuwa umekatika. Siku ya tano homa imeshakwisha, kote ni baridi, mstari hausemi kitu. Nikaamini hesabu yangu. Nikatia saini."

"Pale tulichukua ishirini," Nikanorych alisema kwa sauti ndogo. "Kama kawaida."

Kapitolina Severinovna alirudi kwenye simu, akaomba chumba cha pampu, akasema neno moja, "Zima," akabaki ameishika simu kifuani. Ngurumo ya nje ikapungua, ikakohoa, ikafa.

"Ishirini uliyoondoa na ishirini waliyochukua," akaniambia. "Kama hiki. Mita ishirini na sita. Nne za udongo bado zimezibwa. Sema ni ishirini, Taya, nijue pa kuanzia."

Niliangalia chai.

"Ishirini na tatu," nikasema. "Nilitaka jumla iwe mia kamili."